Saa ya Eorzea na mchezaji wa Ijumaa

Simu yako inaandika 21:00, wewe unasema saa tatu usiku. Hujagusa kalamu wala kikokotoo, lakini tayari umebadilisha saa moja kuwa nyingine. Unafanya hivyo mara nyingi kila siku bila hata kuhisi. Kama umekulia kwenye Kiswahili, basi wewe ni fundi wa kubadilisha saa, ila hakuna aliyekuambia.

Tukichunguza ufundi huo, tunakuta ni kitu kimoja tu: kuhamisha mwanzo wa kuhesabu. Saa ya simu inaanza kuhesabu usiku wa manane. Ya kwetu inaanza jua linapochomoza na linapozama. Kasi ni ile ile, tofauti ni saa sita, basi.

Michezo ya mtandaoni inaongeza jambo la pili, nalo ni kasi. Ndani ya mchezo jua huchomoza na kuzama mara nyingi kabla hujamaliza kikombe chako cha tatu cha chai. Kwa hiyo ili ujue ni saa ngapi kule, unahitaji kujua mambo mawili: walianza kuhesabu lini, na wanahesabu kwa kasi gani. Ukiwa nayo hayo mawili, mengine yote ni hesabu za shule ya msingi.

Leo nataka tuipime saa ya mchezo mmoja mkubwa, Final Fantasy XIV wa kampuni ya Square Enix, ambao dunia yake inaitwa Eorzea. Nitaipima kama mtu anavyopima jengo au wimbo: nini kimefanywa vizuri, nini kimeharibika, na nani anaumia. Nakuambia mapema ninachoona: ni saa iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na ina tundu moja ambalo sekunde tano zingetosha kuliziba.

Kwanza, tubadilishe saa

Saa moja ya Eorzea ni sekunde 175 za huku kwetu. Saa 24 za kule ni sekunde 4,200, yaani dakika 70. Kwa hiyo siku nzima ya Eorzea, alfajiri hadi alfajiri, inakwisha kwa saa moja na dakika kumi.

Na mwanzo wa kuhesabu? Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Badala ya kuweka mwanzo wao wenyewe, wanatumia ule ule unaotumiwa na kompyuta nyingi duniani: saa ya Unix, ambayo huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa UTC. Chukua sekunde hizo, gawanya kwa 175, umepata idadi ya saa za Eorzea. Gawanya kwa 24, jibu ni siku na baki ni saa ya sasa hivi. Kwisha.

Tujaribu. Sekunde ya 1,700,000,000 ya Unix ilipita tarehe 14 Novemba 2023, saa 22:13:20 UTC. Afrika Mashariki ilikuwa tayari tarehe 15, saa saba na dakika 13 usiku. Ukigawanya kwa 175 unapata saa 9,714,285 za Eorzea na baki ya sekunde 125. Baki hiyo ni kama dakika 42 za kule. Saa hizo ukizigawanya kwa 24 unapata siku 404,761, na baki ni 21. Kwa hiyo Eorzea ilikuwa 21:42, au kwa lugha yetu saa tatu na dakika 42 usiku.

Tahadhari kidogo hapa. Watu wengi hupenda njia fupi: wanasema Eorzea inakimbia mara 20.57 kuliko dunia yetu, kisha wanazidisha. Usifanye hivyo. Kasi halisi ni 144 kwa 7, desimali isiyoisha. Ukiikata hadi 20.57 umeacha kipande kidogo mno, lakini unakizidisha kwa sekunde zaidi ya bilioni moja na milioni mia saba. Kwa mfano wetu wa juu, kosa linafika siku 28 za Eorzea. Yaani umekosea karibu mwezi mzima kwa sababu ya uvivu wa desimali ya tatu. Gawanya kwa 175, usizidishe kwa 20.57.

Kwa nini nasema ni ustadi? Kwa sababu saa hii haihitaji kuulizwa. Hata kama seva zimezimwa kwa matengenezo, hata kama wewe huna bando, unaweza kukaa na karatasi chini ya mwembe na ukajua ni saa ngapi Eorzea. Saa inayojulikana na kila mtu bila kuomba ruhusa kwa yeyote ni kitu kizuri, na wabunifu wa michezo mingine wangefaa kuiga.

Sasa, tundu

Tuseme wewe ni mwanafunzi. Kompyuta ni ya kushirikiana, zamu yako ni kila siku saa tatu kamili usiku, dakika 25. Unapoingia, utakuta ni saa ngapi kule? Saa tatu usiku ya Afrika Mashariki ni 18:00 UTC. Nimekupigia hesabu kwa wiki nzima:

Alhamisi utakuta 10:17, asubuhi ya jua kali.
Ijumaa utakuta 00:00, usiku wa manane kamili.
Jumamosi 13:42, mchana.
Jumapili 03:25, usiku mzito.
Jumatatu 17:08, jioni.
Jumanne 06:51, asubuhi mapema.
Jumatano 20:34, usiku unaanza.

Pendeza, siyo? Kila siku unakuta mwanga tofauti. Ndani ya wiki moja umeuona mchana, usiku, alfajiri na magharibi. Hii si bahati. Siku yetu ina dakika 1,440, na ukizigawanya kwa 70 haziishi vizuri: unapata siku 20 na baki ya dakika 40. Baki hiyo ndiyo inayokusogeza mbele kila unaporudi.

Lakini sasa endelea na wiki ya pili. Alhamisi inayofuata, saa tatu usiku: 10:17. Ijumaa: 00:00. Jumamosi: 13:42. Ni orodha ile ile, dakika kwa dakika. Wiki ya tatu, vivyo hivyo. Mwaka ujao, vivyo hivyo.

Unakumbuka KDS, ile kigawe kidogo cha shirika tuliyochapwa nayo fimbo? Tafuta KDS ya dakika 70 na dakika 1,440. Jibu ni 10,080. Na dakika 10,080 ni siku saba kamili. Wiki moja ya kwetu ni siku 144 za Eorzea bila baki hata kidogo. Saa ya Eorzea na wiki yetu zimeshikana mikono, haziachani.

Kwa hiyo mbadilishe mwanafunzi wetu. Tuseme hana zamu ya kila siku. Anafanya kazi dukani wiki nzima, kompyuta anaipata Ijumaa tu, saa tatu usiku, dakika 25. Dakika hizo ni kama saa nane na nusu za Eorzea. Mtu huyu ataingia saa sita ya usiku na kutoka karibu saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa hii, Ijumaa ijayo, na Ijumaa zote atakazojaliwa. Adhuhuri ya Eorzea hataiona. Atasikia tu kwa wenzake kwamba ipo.

Hili lina uzito ndani ya mchezo, si mapambo tu. Wachimba madini na wakata miti wa Eorzea wana sehemu maalumu ambazo hufunguka kwa saa fulani tu za siku, nyingine mara mbili kwa siku. Samaki wengine nao wana saa zao. Sehemu inayofunguka alasiri peke yake, kwa mchezaji wa Ijumaa, ni sawa na haipo. Na hakuna popote mchezo unapomwambia kwamba tatizo ni kalenda. Atadhani hana bahati.

Kitu kimoja kinamwokoa: hali ya hewa. Kule hubadilika kila saa nane za Eorzea, yaani kila sekunde 1,400. Nayo pia inatokana na saa peke yake. Wachezaji waliichambua kanuni yake na kukuta inachukua idadi ya siku tangu 1970 pamoja na sehemu ya siku, inavichanganya, na kutoa namba kati ya 0 na 99. Kila eneo lina jedwali lake: namba hii ni mvua, ile ni ukungu. Ndiyo maana unaweza kutabiri mvua ya Eorzea ya miaka mingi ijayo bila kukosea, jambo ambalo mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yoyote haiwezi kuota, kwa sababu anga letu halisi hukuza kila kosa dogo la kipimo. Kwa kuwa kanuni hii inatazama idadi ya siku, na si saa ya siku pekee, Ijumaa hii inaweza kuwa mvua na ijayo ukungu. Lakini itakuwa mvua ya usiku na ukungu wa usiku.

Kalenda ya siku nane

Tupande kutoka saa kwenda kalenda. Mwezi wa Eorzea una siku 32, mwaka una miezi 12, kwa hiyo mwaka ni siku 384. Kwa saa zetu, mwaka mzima ni siku 18 na saa 16. Unapomtengeneza mhusika wako unamchagulia siku ya kuzaliwa kwenye kalenda hiyo. Ukihesabu tangu 1970, ile sekunde yetu ya bilioni moja na milioni mia saba iliangukia baada ya miaka 1,054 kamili, mwezi wa kwanza, siku ya 26.

Sasa turudi kwa mchezaji wa Ijumaa. Kila wiki anasogea siku 144 kwenye mwaka wa siku 384. Mara ya kwanza siku ya 1, kisha ya 145, kisha ya 289, kisha anavuka mwaka na kuangukia ya 49, na kuendelea. Baada ya wiki nane amerudi alipoanzia, maana wiki nane, siku 56, ni miaka mitatu kamili ya Eorzea. Maana yake, katika siku 384 za mwaka, yeye anazijua nane tu. Nane! Aanze leo acheze mpaka azeeke, ni zile zile nane.

Hapo kuna mtu ataniambia: si acheze muda mrefu zaidi? Kweli, ukikaa dakika 70 unaona saa zote 24. Pingamizi hilo linatibu saa, halitibu kalenda. Anayekaa dakika 70 kila Ijumaa ataona mchana na usiku wa siku zile zile nane.

Mwingine ataniambia: lakini kalenda hiyo haina maana ndani ya mchezo, nani anajali ni tarehe ngapi? Huyo amesema ukweli kuliko anavyodhani, na hapa ukosoaji wangu unakuwa mkali kidogo. Sikukuu za Eorzea hazifuati kalenda ya Eorzea. Sherehe yao ya mwaka mpya huja na mwaka mpya wetu, ile ya Desemba huja Desemba, ya kiangazi huja Agosti. Kalenda yenye miezi 12 na siku 384 imetengenezwa, ikapewa majina, kisha ikaachwa bila sikukuu. Wenyeji wa Makunduchi kule Unguja wana mwaka wao, na kila Julai watu hujaa kwenye Mwaka Kogwa kuupokea. Kalenda huishi kwa sababu kuna watu wanaoisubiri. Mwaka unaopita kila baada ya siku 18 na saa 16 bila mtu kugeuza shingo ni hesabu tu.

Kaka yake mkubwa

Inafaa kulinganisha na mchezo uliotangulia wa kampuni hiyo hiyo, Final Fantasy XI, uliotoka Japan mwaka 2002. Dunia yake, Vana'diel, inakimbia mara 25 kamili. Siku yake ni dakika 57 na sekunde 36, mwaka ni siku 360, na hesabu yake inashikana na saa sita ya usiku ya Japan.

Kwa upande wa saa, huyu ni mbaya zaidi. Kwa kuwa 25 ni namba kamili, kila siku yetu inameza siku 25 za kule bila baki. Ukiingia saa tatu usiku ya Afrika Mashariki, utakuta 03:00, leo, kesho na kesho kutwa. Hapa hata mchezaji wa kila siku amefungwa. Waliotengeneza Eorzea, kwa kujua au kwa kubahatisha, walimfungua huyo. Tuwape sifa yao.

Lakini kwa upande wa kalenda, Vana'diel ina uhai. Wiki yake ina siku nane, na kila siku ina asili yake, moto, maji, upepo, na kadhalika, ambayo huongeza au kupunguza nguvu za uchawi. Mwezi wa angani unagusa uvuvi. Feri huondoka kwa ratiba ya saa za kule, kila baada ya saa nane, na ukiikosa unakaa gatini zaidi ya dakika 19 za maisha yako halisi. Kwa hiyo tarehe ina uzito. Na mchezaji wa Ijumaa? Wiki yetu ya siku saba na wiki yao ya siku nane hazikubaliani, hivyo kila Ijumaa anakuta siku nyingine ya wiki, mpaka amalize zote nane. Upande wa tarehe, anapita kwenye siku 72 tofauti za mwaka kabla ya kurudia. Kaka mkubwa amemnyima mabadiliko ya saa lakini amempa kalenda. Mdogo amemnyima vyote viwili.

Sekunde tano

Sipendi ukosoaji unaobomoa bila kuonyesha tofali la kujengea. Kwa hiyo hili hapa: badala ya sekunde 175, saa ya Eorzea ingekuwa sekunde 170.

Siku ingekuwa dakika 68. Mchezaji wa kila siku angeendelea kukuta saa tofauti, na angepita siku 17 kabla ya kurudia, badala ya saba. Mchezaji wa Ijumaa naye angesogea mbele saa tano na nusu na ushei kila wiki: Ijumaa hii usiku wa manane, ijayo alfajiri, inayofuata kabla ya adhuhuri, wiki 17 bila kurudia. Na kwenye kalenda ya siku 384, badala ya siku nane angezijua siku 272 tofauti, mzunguko wa zaidi ya miaka mitano. Fanya hesabu mwenyewe, usiniamini mimi. Siri yake ni kwamba 68 ina 17 ndani yake, na 17 haina undugu na saba wala na 24. Namba 70 ina saba ndani yake, na saba ndiyo wiki yetu.

Sasa hivi kubadilisha ni vigumu, sikatai. Zana nyingi za wachezaji zinategemea 175, na wapo waliozoea kwamba Ijumaa saa fulani jua fulani litakuwa mahali fulani. Kwao, kurudia ni faida: unapanga miadi. Lakini uthabiti huo unamfaa yule anayeweza kuchagua siku. Asiyechagua siku, ambaye siku huchaguliwa na mwajiri, na zamu ya kompyuta, na umeme wa mgao, huyo ndiye aliyefungiwa gizani.

Hiki ndicho ninachotaka ubaki nacho. Wiki si tukio la angani kama mchana na usiku. Jua haliijui. Ni mpango wa watu: soko, ibada, mshahara, likizo ya mtoto. Mbunifu anayekokotoa mzunguko wa jua na kusahau wiki amekumbuka sayari na kusahau watu waliomo. Ukitengeneza ratiba yoyote inayojirudia, iwe ya mchezo, ya maji ya mgao au ya zamu za maabara, kabla hujaridhika tafuta KDS yake na siku saba. Kama jibu ni saba, kuna mtu mmoja ambaye daima atakutana na zamu mbaya, na hatajua kwa nini.

Na kama unacheza, hapa kuna zawadi ndogo. Kazi za kila siku za Eorzea huanza upya saa 15:00 UTC, usiku wa manane kule Japan. Kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Wazee wa pwani huhesabu siku mpya kuanzia hapo hapo, jua linapozama, ndiyo maana kwao usiku hutangulia mchana wake. Kwa hesabu yao, hata yule mchezaji wetu haingii Ijumaa, anaingia usiku wa Jumamosi. Mwanya mdogo huo. Akimwomba mwenye zamu ya jioni wabadilishane, aingie saa mbili na nusu badala ya saa tatu, atakuta Eorzea ni 13:42, na jua liko juu.